Kuvu si mchezo wa maabara

Imeandikwa kwamba kusafisha majitaka kwa kuvu ni mchezo wa wanasayansi, na kwamba viwanda vya ngozi na machimbo vibaki na chokaa yao. Napinga.

Chokaa hufaa kuondoa metali zinapokuwa nyingi majini. Zikipungua, hushindwa: risasi na kadimiamu kidogo hupenya, na kiwanda huachiwa rundo la tope lenye sumu. Hapo ndipo penye nguvu ya kuvu. Ukuta wa seli zake una kitini na dutu nyingine zinazonasa metali, hata kuvu ikiwa imeshakufa. Kwa hiyo dai kwamba "sumu itaiua kuvu kwanza" halina mguu wa kusimamia.

Ushahidi upo. Mwaka 1981, Tsezos na Volesky wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kwamba gramu moja ya kuvu kavu aina ya Rhizopus arrhizus hunasa zaidi ya miligramu 180 za uraniamu.

Mpinzani wangu ana haki kwa moja: metali haitoweki. Lakini mara nyingi huweza kuoshwa kwa asidi, ikakusanywa, na kuvu ikatumika tena. Tope la chokaa huishia kufukiwa.

Kinachokosekana ni majaribio ya kutosha viwandani, penye maji machafu halisi ambamo metali nyingi hugombania nafasi na kiwango cha asidi hubadilika. Hiyo ni sababu ya kugharimia utafiti, wala si ya kuuzika. Anayekunywa maji ya mto unaopokea majitaka hayo anastahili jibu la utafiti huo.