Staa, Usitufundishe Kujitenga. Huku Kilombero Tutaumia!

Wadau, leo ni makavu laivu.

Kuna staa mmoja wa muziki, jina kapuni, siku hizi kila akiamka somo ni lilelile: kata watu, usimweleze mtu shida zako, linda amani yako. Mwenzake wa filamu, naye jina kapuni, anasema rafiki wa kweli ni hela tu. Laiki zinamiminika. Na vijana wetu hapa Ifakara wanaweka statasi hizohizo, neno kwa neno.

Hivi mmejiuliza wanaosema hayo wanaishi na nani? Ana meneja, dereva, dada wa kazi na mlinzi getini. Akiumwa saa nane usiku, wa kumbeba wapo. Huyo anauza upweke, haununui. Anayeununua ni kijana aliyepanga chumba kimoja mjini, ndugu wako mbali, na marafiki ameshawakata kwa sababu staa kasema.

Njoo bonde la Kilombero msimu wa mpunga uone. Familia nyingi zinahamia mashamba ya mbali, zinakaa kwenye dungu wiki na wiki. Mvua ikikolea njia hazipitiki, mtandao unasumbua, chaji ndio usiseme. Kama kuna watu wenye haki ya kulia upweke ni wale. Lakini nenda uwasikilize wakati wa kuamia ndege. Huyu anapiga ukelele huku, yule anaitika dungu la pili. Wanataniana, wanaulizana kama homa ya mtoto imeshuka, wanaimba. Kweleakwelea wanafukuzwa, sawa, ila pale watu wanaulizana pia: upo? Nipo. Dungu la jirani likiwa kimya, mtu anaacha shamba lake anakwenda kuangalia kuna nini.

Wewe uliyejifungia chumbani na amani yako, nani atakuja kuangalia?

Hata ngoma zetu zinalijua hilo. Wapogoro wana sangula. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Asipoitikiwa hakuna ngoma hapo, kuna mtu anapayuka uwanjani.

Na tuongee ukweli mwingine. Mwaka 2016 kivuko kilizama Mto Kilombero. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja, mita 384, leo unavuka kwenda Mahenge bila kuomba mto utulie. Ng'ambo mbili zimeunganishwa, afu sisi tuliokaa benchi moja kijiweni, kila mtu na simu yake, tunashindwa kumuuliza mwenzetu, "Oya, mbona siku hizi umepoa?"

Najua mtasema watu wambea, ukimwambia mtu leo kesho mtaa mzima unajua. Kweli wapo, na bila umbea hata blogu hii ingefungwa, tusidanganyane. Anayekuumiza mkate, sikuzuii. Ila kuna tofauti kati ya kuchagua wa kumwambia na kutomwambia mtu yeyote. Jambo ukilibeba peke yako halipungui, linakukalia kifuani mpaka usingizi unagoma.

Kwa hiyo staa wetu, endelea kuimba, tunakupenda. Ushauri huo baki nao huko kwenye geti lako. Sisi huku tukinyamaziana, ndege watakula mpunga wote.

Na wewe unayesoma, kuna mtu hajasikika wiki ya pili sasa, na unamjua. Mpigie. Akikata, mfuate kwake.

Povu ruksa hapo chini.