Nyanya Hakurogwa, Tumpe Uwanja

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sijaishi kwingi, niko kidato cha tatu tu, lakini mwaka jana niliona jambo lililonifanya nishike kalamu hii. Nyanya yangu, ambaye ameishi mtaa wa Jericho tangu kabla mama hajazaliwa, alitoka asubuhi kwenda kununua sukuma wiki. Kibanda cha mboga hakiko mbali na mlango wetu. Tulimpata saa kumi jioni kando ya Barabara ya Jogoo, ameshika mfuko mtupu, akituuliza kama basi la kwenda kwao limeshapita.

Ndugu msomaji, mambo ya mtaani unayajua. Kabla jua halijatua habari zilikuwa zimefika kwenye foleni ya maji: eti huyo shosho amerogwa. Wengine wakatia chumvi: eti mchawi ni yeye mwenyewe, na sasa mambo yamemrudia. Mimi nilitaka kucheka, lakini mama hakucheka hata kidogo. Alinikumbusha kwamba mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliodai kuwa ni wachawi. Maneno ya foleni ya maji si mchezo.

Daktari hakutaja uchawi. Alipima presha, akaiona iko juu sana, akashauri nyanya apigwe picha ya ubongo. Jamaa walichanga, pesa zikapatikana. Picha ilipotoka, daktari alituonyesha madoa meupe, akaeleza kuwa hizo ni alama za mishipa midogo ya damu iliyoumizwa na presha kwa miaka mingi. Mama alishusha pumzi. Kumbe adui alikuwa presha!

Tangu siku hiyo nimekuwa nikidadisi habari za picha hizi. Mashine ya MRI haimchomi mtu wala haitumii miale ya eksirei. Ni sumaku kubwa na mawimbi ya redio, vinavyofuata maji yaliyomo mwilini. Kompyuta huupanga ubongo vipande vipande, kama mkate wa dukani, kisha hupima kila sehemu. Ukipiga picha leo na nyingine baada ya mwaka, utajua ni wapi pamepungua na ni wapi pameshikilia.

Wataalamu wameitumia njia hiyo kujua ni kitu gani hasa humsaidia mzee. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake huko Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wazee 120. Nusu yao walitembea kwa miguu mara tatu kwa wiki, hadi dakika 40 kila mara. Wenzao walinyoosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa waliotembea. Kwa wale wengine ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 1. Si dawa ya bei ghali, bwana! Ni kutembea tu.

Hata hivyo, nisije nikawadanganya. Uchunguzi wa baadaye haukupata ongezeko hilo kila mara. Na huko Finland, Miia Kivipelto na wenzake waliwafuatilia wazee 1,260 kwa miaka miwili, wakiwa wamegawanywa makundi mawili; kundi moja lilipewa lishe bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na kuangaliwa presha. Matokeo yalipotolewa mwaka 2015, wazee wa kundi hilo walikuwa wakifikiri vizuri kuliko wenzao. Lakini baadhi yao walipopigwa picha, ukubwa wa ubongo haukuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Kwa hivyo picha ni shahidi mzuri, ila si hakimu. Hakimu ni mzee mwenyewe: je, anaijua njia ya kurudi nyumbani?

Hapo ndipo ninapoleta hoja yangu. Hapa Nairobi, Taasisi ya Ubongo na Akili ya Chuo Kikuu cha Aga Khan imo katika mpango wa AFRICA-FINGERS, unaotaka kuijaribu njia ile ya Finland kwa Waafrika. Naupongeza mpango huo kwa moyo wote. Lakini je, nyanya wa Jericho, Maringo na Kayole atatembea wapi? Waliochora ramani ya Kaloleni katika miaka ya 1940 waliacha nafasi wazi na ukumbi wa watu kukutana. Siku hizi, mahali pengi Eastlands, nafasi kama hizo zimeota vibanda na magorofa. Kando ya barabara, pikipiki zimepanda njia ya wenye miguu. Mzee akitoka, roho mkononi. Basi anakaa ndani, anaangalia ukuta, na upweke unammaliza. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet iliutaja upweke, pamoja na presha, kutofanya mazoezi na hewa chafu, miongoni mwa mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau.

Wapo watakaosema, "Sisi ni wanafunzi, hayo ni ya serikali." Hasha! Shule yetu ina uwanja, na Jumamosi asubuhi uwanja huo hulala mtupu huku lango limefungwa kwa kufuli. Naiomba shule itufungulie saa mbili tu. Sisi wa Chama cha Kiswahili tutawapokea wazee, tutazunguka nao polepole, kisha tutakaa kivulini wacheze drafti na kutusimulia mtaa ulivyokuwa zamani. Wao watapata mazoezi na wenzao wa kuongea nao, sisi tutapata Kiswahili kisichopatikana vitabuni. Wengine watasema wazee watachafua uwanja. Jamani, ni nani huacha maganda ya miwa pale kila Ijumaa, wazee au sisi?

Siku hizi nyanya anameza dawa zake za presha, na kila jioni mimi na yeye tunaizunguka ploti yetu mara sita. Sijui ubongo wake unaonekanaje sasa, kwa maana pesa za picha ya pili hatuna. Lakini juzi tulipofika kwenye kona alinishika mkono akasema, "Mjukuu wangu, usinivute. Mlango wetu ni ule wa kijani."

Na kweli, ulikuwa ule wa kijani.