Siyo macho ya mzee, ni bunduki

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Asaimenti zilinizidi, boom lenyewe ndiyo hivyo tena mnajua, na intaneti ya hosteli inakuja na kuondoka inavyotaka yenyewe. Lakini leo nina hasira, na mimi nikiwa na hasira nisipoandika silali.

Hasira yenyewe inahusu bunduki ya upepo. Msishtuke, sijaingia jeshini. Ni baba mdogo wangu kule Chanika. Anafuga kuku wa kienyeji, na kila anayeishi Dar anawajua kunguru wetu, wale weusi wenye shingo ya kijivu. Siyo ndege wa kwetu hata kidogo, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakatapakaa mwambao wote. Kwa mfugaji ni wezi tu. Kifaranga akitoka chini ya mama yake hatua tatu, kwaheri. Basi mzee akajichanga, akafuata taratibu zote za kibali (kabla hamjaniuliza), akanunua bunduki ya upepo ya bei ya chini kwenye duka moja hapa mjini. Jina la duka na la kampuni siandiki.

Akaanza kukosa. Anakosa kunguru aliyetulia juu ya mti wa mita kumi na tano. Na huyu ni mtu aliyepita JKT enzi zake, shabaha yake ilikuwa hadithi ya familia nzima. Akairudisha dukani. Unajua kijana wa duka alimjibu nini? "Mzee, bunduki haina tatizo, ni macho." Mbele ya watu. Mzee wa watu akaondoka kimya, akaenda kupima macho, akatoa hela ya miwani mipya, akarudi shambani na miwani yake, akaendelea kukosa. Nilipomtembelea aliniambia, taratibu tu, "Mwanangu, nimezeeka." Hilo ndilo lililoniudhi.

Nikarudi hosteli nikamsimulia rumeti wangu. Naye bila hata kufikiri: "Mchezaji mbovu husingizia uwanja." Akageukia ukutani akalala. Sasa hii ya leo ni yako wewe bwana, na wenzako wote mnaodhani chombo hakikosei, anayekosea ni mtu.

Tuanze na kitu tulichosoma wote. Wale mliokuwa macho kwenye kozi ya upimaji na tathmini mnakumbuka mwalimu alivyochora shabaha tatu ubaoni. Ya kwanza matundu yote yamekusanyika katikati. Ya pili yamekusanyika pamoja, lakini pembeni. Ya tatu yametapakaa kila mahali kama mtama uliomwagwa. Akatuambia ile ya pili ina kuaminika lakini haina uhalali, na ile ya tatu haina chochote. Tukanakili, tukajibu kwenye test, tukasahau. Jamani, yule mwalimu alikuwa anaongea juu ya bunduki kweli kweli! Bunduki inayopiga pembeni lakini mahali pale pale inarekebishika, unazungusha kilengeo kidogo kazi imekwisha. Bunduki inayotapanya huirekebishi kwa kilengeo, maana huna pa kuanzia. Leo kushoto, kesho juu.

Basi Jumamosi iliyopita nikaenda Chanika na grafu, utepe wa kupimia, na jamaa mmoja wa Fizikia tunayesoma naye. Tukajaza mchanga kwenye kiroba, tukaulalia, mita kumi kamili hadi kwenye karatasi, nyuma yake kipande cha bati na tuta la udongo. Tukapiga watu watatu, baba mdogo, mimi na jamaa, kila mmoja virisasi kumi. Matokeo: karatasi zote tatu zimetapanya kama sentimita sita. Watu watatu, jozi tatu za macho, umri tofauti, mtawanyiko ule ule. Kama tatizo ni macho ya mzee, mimi yangu yameingiaje humo?

Halafu tukafanya kile ambacho duka halikujisumbua kufanya. Jirani wa baba mdogo, mzee mstaafu, ana bunduki yake ya upepo ya Kijerumani, kuukuu, kitako kimechakaa rangi imetoka. Akaja nayo mwenyewe, akasimama hapo hapo. Baba mdogo akapiga kumi kwa miwani ile ile na kiroba kile kile. Matundu yote kumi ukiweka sarafu ya shilingi mia unayafunika karibu yote. Mzee aliitazama ile karatasi muda mrefu. Hakusema kitu, akaikunja akaitia mfukoni.

Rumeti, uko hapo?

Sasa kwa nini inatapanya? Jamaa wa Fizikia aliishika mtutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, akautikisa, ukatikisika. Bunduki hii ni ya kuvunja, yaani unaukunja mtutu chini kwenye bawaba ili kuibana springi, unatia kirisasi, unaurudisha. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni, pistoni inabana hewa, hewa inarusha kirisasi. Kila kitu kinategemea mtutu urudi pale pale ulipokuwa. Kwenye hii yetu hauridi pale pale, bawaba inacheza. Na ile darubini ya bure iliyokuja ndani ya boksi imefungwa kwenye mwili wa bunduki, siyo kwenye mtutu. Kwa hiyo darubini inatazama kwake na mtutu unatazama kwake. Mzee alikuwa analenga sawasawa kabisa kwa kitu ambacho hakikuwa na uhusiano na mahali risasi inakoenda.

Piga hesabu, ni za fomu two. Mtutu una urefu wa sentimita 45. Ncha yake ikihama nusu milimita tu, kwenye mita 10 kirisasi kinahama milimita 11. Ikihama milimita moja kila upande, tayari una zaidi ya sentimita 4 kati ya zile 6. Zinazobaki gawia wengine: skrubu za kitako zilizokuwa zimelegea baada ya virisasi thelathini, virisasi vya kopo la bei poa ambavyo sketi zake zimebonyea kabla hata hujavitumia, na ile darubini. Watu hawajui kwamba bunduki ya springi inarusha teke mara mbili, nyuma na mbele, na darubini dhaifu inakufa kwa teke hilo la mbele. Kuitia darubini ya namna hiyo ndani ya boksi ni kumtegea mteja.

Lakini bado sijafika kwenye uongo mkubwa, ule ulioandikwa kwenye boksi kwa herufi nyekundu: FUTI 1,000 KWA SEKUNDE. Hicho ndicho kilichomfanya mzee ainunue. Kijana wa duka alimwonyesha kwa kidole. Futi 1,000 ni kama mita 305. Tukaipima kwa simu! Weka simu karibu na mdomo wa mtutu, rekodi, piga. Unapata mlio wa bunduki, halafu mlio wa bati. Ukifungua rekodi kwenye kompyuta unaona muda kati ya milio miwili. Sisi tulipata kama sekunde 0.083. Toa muda wa sauti kurudi mita kumi, kama 0.029, inabaki 0.054. Kumi gawa kwa hiyo, unapata mita 185 kwa sekunde. Tuseme tumekosea kidogo, na kirisasi kinapungua kasi njiani, mpe mita 200. Bado iko wapi 305?

Na nishati inakwenda kwa mraba wa kasi, msisahau. Kirisasi cha milimita 4.5 kina uzito wa nusu gramu hivi. Kwa kasi ya boksi ni jouli 23. Kwa kasi yetu, hata tukiipa ile 200, ni jouli 10. Chini ya nusu. Ungeuziwa kilo moja ya sukari ukafika nyumbani ukakuta nusu kilo, ungenyamaza?

Kuna jambo linalochekesha hapa. Ujerumani, bunduki za upepo ambazo mtu mzima anaruhusiwa kununua bila leseni hazitakiwi kuzidi jouli 7.5, na zinapigwa chapa ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. England na Wales mpaka wa bunduki ndefu bila cheti ni futi-pauni 12, karibu jouli 16. Kwa hiyo kama boksi la mzee lingekuwa linasema kweli, ile bunduki isingeuzwa hivi hivi kwenye nchi hizo. Kule mtu akijisifu kuzidi mpaka anajitafutia kesi, kwa hiyo namba zinaandikwa kwa adabu. Huku kwetu namba ni pambo, kama maua kwenye thermosi.

Na hata ingekuwa kweli, kasi ya nini? Hapa ndipo wengi wenu mnapodanganyika, mnaona namba kubwa mnadhani ni ubora. Bunduki za upepo za Olimpiki, mchezo ulioingia Los Angeles mwaka 1984, zinarusha kirisasi mita 170 na kitu tu kwa sekunde. Polepole kuliko ya baba mdogo! Na zinapigwa kutoka mita 10, kwenye shabaha ambayo alama ya kumi ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Nusu milimita, wandugu, ni kituo mwishoni mwa sentensi. Abhinav Bindra aliichukulia India dhahabu yake ya kwanza ya mtu mmoja mmoja kwenye mchezo huo huo, Beijing 2008. Zile bunduki hazina haraka. Zina mtutu usiocheza, na zinarudia kitu kile kile mara sitini mfululizo. Ukiilazimisha bunduki kukimbia mpaka kirisasi kikaribie kasi ya sauti, kinaanza kuyumba hewani na unapoteza hata ule usahihi kidogo uliokuwa nao.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia kwenye foleni ya chakula kafteria.

"Bei rahisi, ulitegemea nini?" Nilitegemea kitako cha mti wa kawaida, rangi inayotoka, boksi baya. Nenda kanunue rula ya plastiki pale kwa Mangi, ile ya hela ndogo kabisa. Mbaya, inapinda, maandishi yanafutika. Lakini sentimita thelathini zake ni thelathini. Mbona aliyetengeneza rula aliweza? Rula ambayo leo ina thelathini na kesho thelathini na mbili siyo rula ya bei rahisi, siyo rula kabisa.

"Mpya lazima uizoeshe, piga virisasi mia tano itatulia." Hili lina ukweli wake. Bunduki ya springi ikiwa mpya ina mafuta mengi ndani, inaungua inatoa moshi na harufu, na kasi inapanda na kushuka. Ukipiga vya kutosha inatulia. Sasa niambie, virisasi mia tano vinakazaje bawaba iliyolegea? Vitailegeza zaidi. Anayekwambia hivyo anasubiri muda wako wa kurudisha bidhaa upite.

"Bunduki ya springi inahitaji mkono mwepesi." Kweli kabisa, ukiibana sana inakukosesha. Ila ya jirani nayo ni ya springi, na mzee aliishika kwa mikono ile ile.

Halafu kuna hili ambalo hakuna anayelitaja. Kabla sijafika Chanika, baba mdogo alikuwa amempiga kunguru mmoja bawa badala ya kifua. Ndege alizunguka uani siku mbili akiburuta bawa kabla ya kupatikana. Ni mwizi, sawa, simpendi, lakini hata mwizi hatakiwi kufa hivyo. Na vile virisasi vinavyokosa kunguru vinakwenda wapi? Nyuma ya ule mti kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna familia yenye watoto wanne. Mtu mwenye bunduki asiyejua risasi yake inatua wapi ni hatari, na kosa siyo lake kama aliuziwa akiambiwa inalenga.

Mzee sasa hapigi tena. Ameinunulia banda wavu, vifaranga wanakaa ndani mpaka wakue, na inafanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Miwani amemwachia mama mdogo ya kusomea. Bunduki imefungwa kabatini, risiti ninayo mimi.

Jumamosi hii tunarudi dukani, mimi, jamaa wa Fizikia na baba mdogo, tukiwa na karatasi zote nne, rekodi ya simu na boksi lao lenye herufi nyekundu. Tunadai hela yote. Wakisema ni macho, nina kalamu na utepe, tutapimia hapo hapo mbele ya wateja wao mtutu unavyocheza. Rumeti anasema naye anakuja, eti kuangalia tu. Nina test ya Saikolojia Jumatatu, kwa hiyo walichojibu nitawaandikia Jumanne jioni, Mungu akipenda na umeme ukiwepo.