Namba ya simu ya mkulima ni mali ya nani?

Makamanda wa Simiyu, nianze na daftari.

Binamu yangu anauza dawa za pamba Dutwa, hapa Bariadi. Daftari lake lina namba za wakulima kama mia tatu. Msimu uliopita rafiki yake alimtengenezea programu ndogo ya kuwatumia ujumbe: dawa imefika, njoo leo. Siku moja akatokea mtu wa ofisi fulani: umesajiliwa kukusanya taarifa za watu? Akaogopa, akafunga. Daftari limerudi chini ya kaunta.

Mimi nasoma sheria, siwezi kusema kaonewa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kinakataza kukusanya taarifa bila usajili. Na sheria hiyo tuliihitaji, tena tulichelewa; Kenya walitunga yao 2019. Hasira yangu ipo kwingine.

Toka msimu wa 2022/23 serikali inaandikisha wakulima ili wapate mbolea ya ruzuku. Jina, simu, shamba. Wewe uliyeandikishwa, nani alikueleza taarifa zako zinatunzwa wapi na nani anazisoma? Sheria ile ile inataka uelezwe. Ila inapofika zamu ya dola, misamaha ipo: usalama wa taifa, maslahi ya umma. Mwenye daftari hana msamaha, ana ada.

Na ada hatujaanza kuzijua jana. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu shilingi milioni 2.1 kwa kuanzia. Tarehe 15 Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, mpaka kelele zetu zikawalazimisha kurudi nyuma. Halafu wanasimama jukwaani, eti vijana wabuni!

Mbolea ina ruzuku. Kwa nini usajili wa biashara changa usiwe nayo, walau miaka mitatu ya mwanzo? Kwa nini idadi ya ekari za pamba kila kata, bila jina la mtu, isiwe wazi ili kijana wa Maswa au Meatu ajue dawa ipelekwe wapi? Mbunge akija, muulizeni hayo kabla hajaanza kugawa fulana.

Binamu bado anapigiwa simu kutoka Nkololo: dawa ipo? Anajibu mmoja mmoja.