Maarifa Kwanza, Istilahi Baadaye

Wapo wasomi wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakiwezi kuzungumzia sayansi ya anga za juu mpaka istilahi zote ziundwe. Kwa maoni yangu, huko ni kutanguliza mkokoteni mbele ya punda. Tueleze kwanza jinsi kitu kinavyofanya kazi, jina litafuata.

Hebu tutazame chombo cha Marekani, Mars Global Surveyor, kilichofika kwenye sayari ya Mirihi Septemba 1997. Mwanzoni kilichukua takriban saa 45 kuizunguka sayari hiyo mara moja, katika njia ndefu iliyovutika. Wahandisi walitaka mzunguko wa takriban saa 2, lakini mafuta ya kuifanya kazi hiyo yangalikilemea chombo. Wakaitumia hewa. Kila kilipofika mahali palipo karibu zaidi na sayari, chombo kilipenya ukingoni mwa angahewa. Mabawa yake ya kunasia mwanga wa jua yalikinzwa na hewa hiyo nyembamba, nacho kikapoteza mwendo kidogo. Hivyo, upande wa pili wa njia hakikufika mbali kama awali. Kwa kuwa bawa moja lilikuwa na hitilafu, ilibidi waende pole pole. Kazi ikachelewa takriban mwaka mzima, ikaisha Februari 1999.

Je, mbinu hii tuiiteje? "Breki ya hewa" hutujia upesi, lakini jina hilo lina wenyewe: malori na mabasi. Isitoshe, breki husimamisha gari, ilhali hapa chombo hakisimami, bali njia yake hufupishwa. Napendekeza "mkinzo-hewa", kutokana na kitenzi kukinza. Asiyeridhika na atoe jina bora, mradi aeleze sababu.

Wala tusidai kuwa mambo haya hayatuhusu. Mnamo Aprili 1967, Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililokuwa baharini karibu na Malindi, ili kupima ukinzani wa hewa ya juu ya dunia. Ilirushwa mbele ya pwani iliyoilea lugha hii. Itakuwa aibu kwetu iwapo mwana wa pwani hiyo atalazimika kuazima lugha nyingine ndipo aelewe kilichopimwa.

Wanafunzi wenzangu, tusingoje kamusi. Tuandike!