Kura Tumepiga, Kazi Bado

Wasomi wenzangu, mwaka 2015 kila tukikaa vimbweta stori ilikuwa ile ile: Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 25. Kila mtu mchambuzi. Huyu anajua kwa nini Magufuli kapata asilimia 58.46, yule anajua kwa nini Lowassa na UKAWA wameishia 39.97. Sawa, ushindani mkali kama huu hatujauona tangu vyama vingi virudi mwaka 1992. Ila nauliza: mbali na kutuma picha WhatsApp, wewe ulifanya nini?

Likizo ile nilikuwa nyumbani Nachingwea, nikijitolea na vijana wenzangu kutoa elimu ya mpiga kura. Posho hakuna, na hela ya bodaboda tulichangishana. Tulipita Naipanga na Ruponda, tukavuka hadi Nkowe na Mbekenyera upande wa Ruangwa. Hatukuhutubia. Tulieleza kwamba karatasi ni tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kwamba kila karatasi unachagua mmoja tu. Kwamba vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Kwa bibi zetu tulirudia kwa Kimwera.

Bibi mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Haya mjukuu wangu, kura nimeielewa. Malipo ya pili ya korosho je, namdai nani?" Swali hilo halikuwamo kwenye vipeperushi vyetu.

Hoja yangu iko hapo. Novemba 2015 aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu, na kwetu wengi walisema sasa mambo yatanyooka. Jamani, Waziri Mkuu hawezi kuja kukuulizia matumizi ya kijiji chako. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na mapato na matumizi huulizwa pale. Oktoba watu walipanga foleni tangu alfajiri. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, wanakuja wazee wachache na mwenyekiti wao, vijana tuko kijiweni tunabishana mpira.

Sisi wa ualimu tunajua kwamba mwanafunzi ukimfundisha siku moja ndani ya miaka mitano, mtihani hafaulu. Kwa nini raia tumfundishe hivyo hivyo?

Basi likizo ijayo, kabla boom halijaisha, ukifika kwenu muulize mtendaji mkutano ni lini. Nenda, kaa, omba taarifa isomwe kwa sauti, na asiyejua kusoma msaidie kuielewa. Hakuna bendera wala fulana za bure, na pengine hakuna atakayekupiga picha. Ila yule bibi atakuwa na mahali pa kuuliza hela yake.