Kijana apewe muda wa kusoma kabla ya kusaini

Kwa kijana wa kijijini asiye na ajira, mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri ni miongoni mwa milango michache ya serikali inayofunguka karibu na kwake. Tangu 2018 sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kaengesa, wilayani Sumbawanga, kama kwingineko Ufipa, wengi wanaishi kwa kilimo na ajira za mshahara ni chache, kwa hiyo mtaji huo si jambo dogo. Lakini fedha haitoki mpaka kikundi cha waombaji kisaini mkataba. Kwa anayesaini akiwa na shida, mbele ya ofisa mwenye kauli ya mwisho, ni rahisi kukubali asichokielewa. Ndiyo maana nasema kila mwombaji apewe nakala ya mkataba mapema, aelezwe, na aachiwe siku za kutafakari.

Hilo si geni katika sheria zetu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano yawe ya hiari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na asipoyaelewa aelezwe kwa namna atakayoelewa. Sasa, ikiwa aliyekwisha kupata kazi analindwa hivyo, kwa nini yule asiye nayo, anayeomba mkopo, alindwe pungufu? Australia, mtu anayepokea msaada wa serikali huku akitafuta kazi husaini mpango wa kazi, lakini anaweza kuomba siku mbili za kazi autafakari kwanza.

Umuhimu wa siku hizo unaonekana shambani. Tuseme vijana watano wa Kaengesa wanaomba mtaji wa kulima mahindi. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mkataba ukidai rejesho la kwanza Januari, mahindi yatakuwa bado machanga; ukidai mwanzoni mwa mavuno, watalazimika kuuza wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Kijana aliyeusoma mkataba nyumbani ataliona hilo na kuomba ratiba ibadilishwe. Aliyewekewa kalamu mkononi siku hiyohiyo ataligundua siku ya kudaiwa. Vilevile aliyeusoma atauliza: mwenzetu mmoja akihama, deni lake linabebwa na nani?

Wapo watakaosema dawa ya deni ni kulipa, na kwamba kumbembeleza mkopaji ni kumfundisha ukaidi. Wana sababu: Aprili 2023 serikali ilisitisha mikopo hii, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha vikundi hewa na mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa, na utoaji ulirejea 2024. Lakini kumbukumbu hiyo inaunga mkono hoja yangu. Saini peke yake haikuzilinda fedha za umma. Kikundi hewa hakiwezi kuitwa kikaeleza mkataba wake, kikundi cha kweli kinaweza. Na aliyeelewa alichokubali hana pa kujificha anapodaiwa. Wengine watasema maofisa maendeleo ya jamii ni wachache na kata ni kubwa. Ni kweli, lakini kinachoombwa hapa si ofisi mpya. Mkataba unaweza kutolewa pamoja na fomu ya maombi na kusomwa kwa sauti kikundi kinapokaguliwa, kwa kuwa maombi yenyewe huchukua muda kupitishwa.

Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga wanaweza kuanza na azimio moja: pasiwe na saini kabla ya mkataba kukaa siku saba mikononi mwa kikundi. Na wewe kijana, ukiambiwa usaini leo au ukose, omba nakala, nenda nayo nyumbani, kaisome na wenzako.